Nne Iliyovalishwa Kofia

Wodi ya Watoto Njiti
Tarehe 3 Machi

Mama Mwalimu,

Shikamoo. Najua kalamu nyekundu tayari iko mkononi, kwa hiyo nakuomba usome kwanza, usahihishe baadaye.

Umepata mjukuu wa kike. Alitakiwa kuja mwisho wa Mei, lakini aliona wiki kumi na tatu za kusubiri ni nyingi mno, akaja juzi. Ana gramu mia tisa na ishirini. Mimi fundi cherehani nimepima watu wa kila umbo, wembamba kwa wanene, lakini juzi tepu ilinishinda. Unyayo wake haufiki urefu wa kidole changu gumba! Yumo ndani ya kisanduku cha kioo chenye joto. Mwanao alikitazama weee, kisha, fundi majokofu kama alivyo, akatoa hukumu: "Hii ni friji iliyogeuzwa." Nikacheka mpaka mshono ukanivuta. Na huo mshono, Mama, walionishona wangekuwa wanafunzi wangu ningewafumulisha warudie.

Kwenye paji la uso wamembandika kijiplasta chenye taa nyekundu. Ile taa inapenya hadi ndani ya kichwa, inasoma oksijini iliyofika kwenye ubongo, halafu namba inatokea kwenye skrini. Oksijini ikiwa ndogo kengele inalia. Leo ilikuwa 71. Daktari wetu, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, ametuambia bila kuficha kwamba kifaa ni kigeni hapa, bado wanafanya utafiti, na hawajui kama kinamfaa mtoto kuliko jicho la muuguzi mzuri. Tumekubali, tumesaini. Ila sharti ni moja: akitimiza miaka miwili tumrudishe, wampime akili na viungo, waone kama hiyo oksijini ilimtosha.

Tangu nisaini nawaza siku hiyo tu. Watu wanawaza kesho, mimi nawaza mwaka keshokutwa.

Mkweo,
Fundi


Nyumbani
Tarehe 7 Machi

Mwanangu Fundi,

Marahaba, marahaba, marahaba elfu moja!

Nakurudishia barua yako humu ndani. Ina makosa sita. Matano nimekusamehe kwa sababu ya mshono. La sita halisameheki: umeandika "oksijini" mara tatu. Jini hana kazi kichwani mwa mjukuu wangu. Ni oksijeni.

Sasa tuje kwenye habari kubwa. Sabini na moja! Ana siku mbili duniani, hajashika daftari, hajaonja uji, na mtihani wa kwanza kapata sabini na moja! Baba yake darasa la pili alipata thelathini na nane ya hesabu, akaja nyumbani analia kwamba mwalimu ana chuki naye. Mwalimu nilikuwa mimi.

Nimemfungulia daftari. Nimepiga mistari mitatu: tarehe, alama, maoni ya mwalimu. Kila ukiandika, niletee alama zake. Jina la cheti mtampa wenyewe, hiyo haki yenu. La nyumbani nampa mimi: aitwe Nukta. Ni ndogo kuliko alama zote, lakini jaribu kuandika bila hiyo uone.

Ningekuja leo hii, lakini mguu wangu umefungwa plasta hadi gotini. Niliteleza, basi, usiniulize zaidi. Na simu yangu unaijua: nasikia nusu, na ile nusu ninayoisikia naikosea. Andika.

Mama yako,
Mwalimu


Wodini
Tarehe 11 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole sana na mguu. Uliteleza wapi? Haya, siulizi.

Oksijeni. Oksijeni. Oksijeni. Nimeandika mara tatu kama adhabu.

Alama za Nukta: tarehe 8, 68. Tarehe 9, 73. Jana, 70. Maziwa anapewa kwa mpira mwembamba, kijiko kimoja cha chai kwa mlo, na bado anaacha mengine. Kama ni maringo, basi hayo ni ya ukoo wenu.

Nina kazi mpya. Kijiplasta kilikuwa kinateleza kwa sababu vitambaa vya kukishikilia vimekatwa kwa vichwa vya watu wakubwa wa kilo tatu. Nikamwomba muuguzi mkuu ruhusa nimshonee Nukta kitambaa chake. Huyu dada tunamwita Sista Kimya, maana neno analolijua ni "Kimyaaa!" na analisema kwa sauti inayoamsha wodi nzima. Alinitazama juu mpaka chini. Nikashona kwa mkono, kwenye benchi la kungojea, kwa bitana ya blauzi yangu. Kimekaa! Kesho yake Sista Kimya akaja na karatasi ya vipimo vya watoto wanane. Hakusema asante, alisema "Ijumaa". Mama, mimi niliyekuja kuzaa sasa nina oda.

Mkweo,
Fundi


Wodini
Tarehe 14 Machi
(Barua hii haikutumwa.)

Mama,

Leo kengele ililia. Namba ilikuwa 66, mara 59, mara 52, ikaja kusimama kwenye 48. Sista Kimya alifika kabla yangu, na mimi nilikuwa nimeegemea kioo. Kumbe damu yake ilikuwa imepungua mwilini. Wakamwongezea damu, vijiko vichache tu, wakarekebisha mashine ya kupumulia. Ilichukua dakika arobaini kurudi 63. Nilizihesabu zote.

Halafu wakampiga picha ya kichwa. Kuna damu kidogo imevuja ndani. Daktari akasema, "Ni daraja la kwanza." Mama, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kwenu daraja la kwanza watu wanarushwa juu. Huku kuvuja kuna madaraja manne, na la kwanza ndilo dogo kuliko yote. Mara nyingi linapona lenyewe, hivyo ndivyo alivyosema. Mara nyingi. Nimelishika hilo neno na sijui nilishike upande upi.

Na ile namba si alama za mtihani. Barua ya kwanza nilikueleza, naona hukuelewa; nilitaka kukueleza tena, mwanao akasema, "Mwache Mama, ndiyo raha aliyobaki nayo na mguu wake huo." Sasa nitakwambiaje kwamba mjukuu wako amepata 48? Utauliza kafeli nini. Nitajibu nini? Naogopa kwamba kafeli kitu ambacho tutakijua akifika miaka miwili.

Siwezi kuituma hii.


Wodini
Tarehe 15 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua fupi leo, oda za vitambaa zimenizidi.

Alama za jana: 78. (Samahani kwa hilo doa, kalamu inavujisha wino.)

Wamempiga picha ya kichwa, na daktari mwenyewe amesema ni daraja la kwanza. Sote wazima.

Mkweo,
Fundi


Nyumbani
Tarehe 19 Machi

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Daraja la kwanza! Umenifurahisha.

Sina maneno mengi leo. Barua yako sikuirudisha, nimeiweka.

Nilikuwa nawaambia wazazi wa wanafunzi wangu: mtoto hapimwi kwa mtihani mmoja, anapimwa kwa mwaka mzima. Na wanafunzi wenyewe nilikuwa nawaambia: ukiwa na daftari chafu, lete hivyo hivyo. Mimi ni mwalimu wako, si mkaguzi.

Ule. Ulale. Umshike mtoto wakikuruhusu.

Mama yako,
Mwalimu


Nyumbani kwetu
Tarehe 24 Mei

Mama,

Shikamoo! Angalia juu ya barua pameandikwa nini. Nyumbani kwetu!

Nukta ametoka na gramu elfu mbili mia tatu. Kijiplasta walikwisha kukibandua zamani, siku hiyo namba ya mwisho ilikuwa 74. Wiki tatu za mwisho alikuwa anafungwa kifuani kwetu, ngozi kwa ngozi, mimi asubuhi, mwanao akitoka kazini. Baba mtu alikuwa hapumui sawasawa kwa woga wa kumwamsha, mpaka Sista Kimya akamwambia, "Baba, wewe pia unahitaji oksijeni." Siku ya kuondoka nilimwachia vitambaa thelathini. Akaniambia asante, kwa kunong'ona. Kumbe anaweza!

Njoo sasa, mguu umepona. Njoo umshike, mikono yako bado haijamjua.

Mkweo,
Fundi


Nyumbani kwetu
Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Julai

Mama,

Shikamoo. Tangu uondoke mara ya mwisho Nukta anakutafuta nyuma ya mlango.

Nina jambo linanikera. Jirani wa mlango wa pili ana mtoto wa miezi kumi na tatu, anakimbia. Wetu ana miezi kumi na sita, anasimama kwa kushika kiti, akiachia anakaa chini anatucheka. Jana jirani akaniuliza, eti kwa upole, "Huyu wenu, madaktari wanasemaje?" Nilitamani nimshone mdomo, mshono wa mashine, wa kwenda na kurudi.

Mwanao anasema nisiwe na haraka. Lakini yeye hata jokofu likikataa kugandisha anasema tusubiri.

Fundi


Nyumbani
Tarehe 8 Julai

Mwanangu Fundi,

Marahaba. Makosa mawili tu, unaendelea vizuri.

Nilipokuja kwenu nilikwenda na wewe kliniki, unakumbuka daktari alituambia nini? Nukta ana umri aina mbili: wa siku aliyozaliwa na wa siku aliyotakiwa kuzaliwa. Nilimbishia, maana miaka yote nikiwaandikisha watoto sijawahi kumpokea mwenye tarehe mbili za kuzaliwa. Lakini sasa nimemwelewa. Toa miezi mitatu. Kumi na sita kutoa tatu ni ngapi? Mtoto wa jirani yako na Nukta wamo darasa moja. Mmoja anakimbia, mwingine anacheka. Nimefundisha wa aina zote mbili, na mwishoni mwa mwaka huwezi kukumbuka nani alianza nini.

Mwambie jirani madaktari wanasema asante kwa kuuliza.

Mama yako,
Mwalimu

Maandishi ya chini: Desemba nakuja kukaa mwezi mzima. Mwekeeni mjukuu wangu magazeti. Gazeti la kwenu lina makosa mengi, tutalisahihisha wote, mimi na yeye mapajani.


Nyumbani kwetu
Mwaka uliofuata, tarehe 20 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nukta anatembea, anakimbia, anapanda juu ya cherehani yangu. Hilo unalijua, uliona mwenyewe. Lakini barua imefika kutoka hospitali: tarehe 4 Juni, saa tatu asubuhi, kipimo cha miaka miwili. Ile siku.

Kabla hatujaenda, lazima nikwambie kitu. Desemba nilijaribu kukwambia ana kwa ana mara nne, kila mara nikaishia kukuuliza kama unataka chai. Ndiyo maana ulikunywa chai nyingi.

Mama, nilikudanganya. Ile 78 ya Machi ilikuwa 48. Niligeuza nne ikawa saba. Na lile daraja la kwanza halikuwa la kusherehekea, ilikuwa damu imevuja kichwani mwake, kidogo. Na zile namba hazikuwa alama za akili hata siku moja. Zilikuwa hewa inayofika kwenye ubongo wake, na siku ile haikufika ya kutosha kwa dakika arobaini. Miaka miwili nimezibeba hizo dakika. Kila akichelewa neno nazihesabu upya. Wewe ukaandika kwenye daftari lako namba ya uongo, na tarehe 4 Juni naogopa watatupa ya kweli.

Nisamehe.

Fundi


Nyumbani
Tarehe 26 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ndani ya hii nakurudishia barua yako ya tarehe 15 Machi. Ndiyo barua yako pekee ambayo sikuirudisha. Geuza nyuma, uone nilichoandika na tarehe yake.

Umeona? "Nimeona. 18 Machi." Siku ile ile ilipofika.

Fundi, mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini na nne. Nne ikivalishwa kofia inakuwa saba, lakini mkono wake wa kushoto unabaki unaning'inia, hauna pa kwenda. Wewe mkono huo ukaufunika kwa doa. Na kalamu inayovuja haivuji mara moja tu, pale pale mwenye kalamu anapotaka! Watoto wa darasa la tatu walikuwa wananifanyia hivyo hivyo kwenye ripoti za kupeleka nyumbani.

Nikachukua magongo yangu, nikaenda zahanati, nikamwuliza muuguzi: picha ya kichwa, daraja la kwanza, maana yake nini? Akanieleza. Nililia kwenye benchi pale mpaka akadhani ni mguu unauma. Nikamwacha adhani hivyo. Sikumtangazia mtu daraja lolote.

Na hizo alama zako! Wewe kweli uliamini kwamba naamini? Siku wananibadilishia plasta nilikuwa na barua yako ya kwanza mfukoni, nikauliza kama hiyo namba nimeielewa vizuri, nikaambiwa ndiyo, ni pumzi ya ubongo. Mwanangu, mimi nishindwe kutofautisha mtihani na pumzi? Lakini nilikuwa nimelala na mguu juu ya mto, na wewe uko peke yako mbele ya kile kioo. Sikuwa na damu ya kumpa wala maziwa. Nilikuwa na mzaha tu, nikatuma mzaha. Ungejua kwamba najua, siku ya pili ungeniandikia nini? Ungeniandikia unaogopa, na mimi ningekujibu naogopa, na posta ingetajirika kwa woga wetu.

Nami nina uongo wangu, tuwe sawa. Sikuteleza. Mwanangu aliponipigia simu kwamba mtoto amezaliwa nilisikia ile nusu nzuri tu. Nikapanda juu ya kiti kuteremsha sanduku la nguo zake za uchanga, ili zije kwenu kesho yake. Kiti kikawa na mawazo mengine. Sikusema kwa sababu ni aibu mtu wa umri wangu.

Tarehe 4 nendeni. Chochote watakachosema, kiandike kama kilivyo.

Mama yako,
Mwalimu


Nyumbani kwetu
Tarehe 4 Juni

Mama,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Nimekaa kuandika kabla hata ya kuvua viatu.

Chumba ni kidogo, kina meza fupi na viti viwili vya kitoto. Daktari ni yule yule, na miwani ile ile, ila kamba mpya. Mlangoni kila dakika kichwa kinachungulia: Sista Kimya, ana kitambaa changu kimoja ameshikilia, eti amepita tu.

Kwanza vibao vya mbao. Daktari akapanga vitatu, akamwambia Nukta apange. Nukta akavitazama, akavitia vyote kwenye mfuko wa gauni. Kosa langu, ndimi niliyeshona mifuko mikubwa. Ilibidi daktari abembeleze, ndipo akavitoa, akapanga sita, akavipiga teke. Mpira aliupiga vizuri pia. Halafu picha. Paka akamtaja, kiatu akakitaja, gari akaliita "friji". Daktari akaandika kitu. Alipofika kwenye picha ya mkasi, Nukta akanionyesha mimi.

Mwisho daktari akachora mstari mmoja kwenye karatasi kwa penseli, akampa Nukta penseli achore kama ule. Nukta akakataa. Akaona kalamu nyekundu kwenye mfuko wa koti la daktari, akainuka, akaichomoa. Nilitaka kumzuia, daktari akaniashiria nimwache. Nukta akarudi kukaa, akainamisha kichwa upande kama wewe unavyofanya, akautazama ule mstari wa daktari mpaka mwisho. Halafu akaweka alama: kimstari kifupi chini, kirefu juu. Alama ya vema, Mama! Imepinda, lakini ni yenyewe. Akasema, "Vema."

Daktari akavua miwani. Akaniuliza, "Nani kamfundisha huyu?" Sista Kimya akaanza kucheka kule mlangoni, akacheka mpaka mtu wa chumba cha pili akamwambia kimya.

Naandika matokeo kama yalivyo, na hakuna doa. Viungo: sawa na wenzake. Kuelewa: sawa na wenzake. Lugha: nyuma kidogo, arudi baada ya miezi sita. Ile damu ya kichwani haijaacha kitu wanachoweza kukiona leo. Niliuliza kama ni kifaa ndicho kilichomsaidia. Daktari akasema hajui, kwa mtoto mmoja huwezi kujua, ndiyo maana wanahesabu wengi. Kisha akasema anachojua ni kwamba siku ya 48 watu wanne walikuwa wamesimama pale, na mmoja alikuwa mimi.

Mwanao amembeba Nukta mabegani, anazunguka naye nyumba.

Mkweo,
Fundi


Nyumbani
Tarehe 9 Juni

Mwanangu Fundi,

Marahaba.

Barua yako ina makosa matatu. Nimeyaona, nimeyaacha.

Kuhusu lugha, mwambie daktari baba wa mtoto alitoa neno lake la kwanza akikaribia miaka mitatu, na neno lenyewe lilikuwa "sitaki". Na gari kuitwa friji, hilo ni suala la fani ya baba, si la ubongo. Hata hivyo miezi sita ikifika mrudisheni. Nitakuwepo, nataka nimwone huyo daktari aliyesahihishwa.

Daftari lake nimelitoa. Mstari wa tarehe 14 Machi nilikuwa nimeuacha wazi miaka yote hii, sikuweza kuandika uongo wako na sikuweza kuandika ukweli wako kabla hujanipa. Leo nimeandika 48, na kwenye maoni ya mwalimu nimeandika: "Alipanda tena." Sasa halina nafasi iliyobaki wazi.

Jana nilimwita jirani akaniteremshia lile sanduku. Nilizitandaza nguo zote kitandani. Siku ile nilivunja mguu kwa ajili ya nguo ambazo zingemmeza Nukta mara tatu. Nikachukua soksi zake mlizozisahau hapa Aprili, nikazipima na viatu vya sufi vya uchanga wa baba yake. Haziingii. Nikachukua lile gauni kubwa kuliko yote, nikalipima na fulana yake. Halimtoshi, Fundi, ni dogo! Nimekaa chini katikati ya nguo nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, safari hii si mguu.

Mama yako,
Mwalimu